Matibabu ya ADHD kwa watoto: Dawa, malezi au vyote viwili?

Mzazi anapoelezwa na daktari kuwa mwanawe ana ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kusikiliza na kusubiri zamu yake, jambo la kwanza linalomjia akilini ni dawa. Wapo wanaozitaka siku hiyo hiyo, kwa kuwa shule imekwishatishia kumwondoa mtoto darasani. Wapo pia wanaoapa kwamba mtoto wao wa miaka saba hatamezeshwa vidonge vya akili maadamu wao wangali hai.

Kwa zaidi ya robo karne watafiti wamekuwa wakilichunguza suala hilo, na majibu waliyoyapata hayakuuridhisha kikamilifu upande wowote. Dawa zinafanya kazi, tena upesi. Lakini nguvu yake huisha pale kidonge kinapoisha mwilini, na ushahidi wa manufaa ya miaka mingi ni haba ukilinganishwa na ule wa miezi michache ya mwanzo. Katika saa ambazo dawa haimo mwilini, mtoto hutegemea jinsi anavyoongozwa na watu wanaoishi naye.

Si kila mtoto mtundu ana ADHD

Kirefu cha ADHD ni cha Kiingereza. Kwa Kiswahili hali hiyo huelezwa kuwa ni upungufu wa umakini unaoambatana na kutotulia kupita kiasi, na inakadiriwa kuwa takriban asilimia 5 ya watoto duniani wanayo. Wengine hawatulii hata kidogo, hukurupuka na kujibu kabla swali halijamalizika. Wengine, hasa wasichana, huketi kimya huku mawazo yao yakiwa mbali, nao humaliza shule nzima wakiitwa wazembe bila mtu yeyote kushuku lolote.

Hali hiyo si uzushi wa zama hizi kama inavyodaiwa mara kwa mara. Mwaka 1902 daktari wa watoto wa Uingereza, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake mjini London kuhusu watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia hata baada ya kuadhibiwa. Leo inafahamika kuwa sehemu kubwa ya chanzo chake ni urithi. Si ajabu daktari anapomhoji baba kuhusu mtoto, baba akajikuta anasimulia utoto wake mwenyewe.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuithibitisha ADHD. Daktari hutegemea maelezo ya wazazi, ya walimu na ya mtoto mwenyewe. Kwa mujibu wa vigezo vilivyotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, dalili zinapaswa ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zidumu kwa angalau miezi sita, zionekane katika mazingira mawili au zaidi na ziwe zinamkwamisha mtoto kweli kweli. Mtoto anayewasumbua watu darasani tu, huku nyumbani, madrasani na uwanjani akiwa hana neno, pengine tatizo lake ni hilo darasa.

Umri nao hupotosha. Uchunguzi katika nchi mbalimbali umeonyesha kuwa watoto wadogo kuliko wenzao wa darasa moja huandikishwa kuwa na ADHD mara nyingi zaidi, ilhali kinachowatofautisha na wenzao ni miezi kumi au kumi na moja ya kukua.

Kuna pia maradhi yanayojificha nyuma ya sura hiyo hiyo. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana hasikilizi. Mwenye nyama za pua zinazomziba pumzi usiku huamka hajalala, akashinda mchana kutwa akihangaika. Kifafa cha kuduwaa kwa sekunde chache hufanana na ndoto za mchana, na upungufu wa damu humwondolea mtoto umakini.

Kwa Afrika Mashariki, mambo mawili yanastahili kuulizwa na kila daktari. La kwanza ni malaria ya ubongo. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 ulibaini kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopona ugonjwa huo alikuwa bado na upungufu wa kiakili miaka miwili baadaye, na umakini ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoathirika.

La pili ni fenobabitoni, dawa ya bei nafuu ambayo kwa miongo mingi imekuwa tegemeo la wagonjwa wa kifafa katika zahanati za vijijini. Dawa hiyo hiyo inaweza kumfanya mtoto awe mkorofi na asiyetulia. Mtoto wa aina hiyo hahitaji kuongezewa dawa ya ADHD, bali kutazamwa upya dawa yake ya kifafa. Hata hivyo, mzazi asiisitishe mwenyewe, kwa sababu kuacha ghafla huweza kuleta degedege la hatari.

Dawa ya kusisimua inayotuliza

Wazazi wengi hushtuka kusikia kuwa dawa anayopewa mtoto asiyetulia ni ya jamii ya vichangamshi. Mantiki ya kawaida ingedai kinyume chake.

Jambo hilo liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1937 Charles Bradley, daktari katika kituo cha watoto wenye matatizo ya tabia katika jimbo la Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya amfetamini. Awali alikuwa akitafuta nafuu ya maumivu ya kichwa yaliyowapata watoto baada ya uchunguzi wa ubongo uliohitaji kuondoa maji ya uti wa mgongo. Kichwa hakikupona sana, lakini karibu nusu ya watoto hao walianza kufanya vizuri ajabu katika masomo, na wenyewe wakaviita vidonge vya hesabu.

Miaka saba baadaye, mwaka 1944, mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba nchini Uswisi alitengeneza methilifenideti. Mkewe, Marguerite, aliyekuwa akiitwa Rita, aliijaribu ili acheze tenisi vizuri zaidi, na kutokana na jina lake dawa hiyo ikaitwa Ritalin. Hadi leo methilifenideti, kwa majina mbalimbali ya biashara, ndiyo inayoandikwa kwanza kwa watoto katika nchi nyingi.

Dawa hizi huongeza dopamini na noradrenalini katika sehemu za ubongo zinazohusika na kujizuia na kupanga mambo, ambazo kwa mtoto mwenye ADHD hazifanyi kazi kwa kiwango kinachotakiwa. Ni kama breki za baiskeli zilizolegea: kinachokazwa ni waya wa breki, na baiskeli ndipo inapotulia. Takriban watoto saba kati ya kumi hupata nafuu ya wazi. Kidonge cha kawaida huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na kudumu karibu saa nne. Vile vinavyoachia dawa polepole, vilivyoenea tangu mwaka 2000, hudumu kati ya saa nane na 12, hivyo mtoto hahitaji kumeza kidonge cha pili mbele ya wenzake shuleni.

Kipimo hakitegemei ukubwa wa tatizo wala hasira ya mwalimu. Daktari huanza na kiasi kidogo, mara nyingi miligramu 5 za methilifenideti, na kukipandisha wiki baada ya wiki hadi pale dalili zinapopungua bila mtoto kudhurika. Mtoto anayekaa kimya kama sanamu, asiyecheka wala kucheza, hajapona. Kipimo chake kimezidi.

Athari inayolalamikiwa zaidi ni kukosa hamu ya kula. Sanduku la chakula hurudi nyumbani halijaguswa, kisha saa mbili usiku, dawa inapokwisha, mtoto anataka kula kila kilichomo jikoni. Wauguzi wazoefu huwashauri wazazi wasigombane na chakula cha mchana: mtoto apewe uji mzito, mayai au chapati na maharage kabla ya kumeza dawa asubuhi, na jioni aachwe ale hata kama saa ya chakula imepita. Nyingine ni kuchelewa kupata usingizi, kuumwa kichwa, tumbo na kununa pale dawa inapotoka mwilini. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda kidogo, ndiyo maana daktari huuliza iwapo katika ukoo kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, inataka kila mtoto anayetumia dawa hizi apimwe urefu kila baada ya miezi sita, na wale wa miaka 10 kurudi chini wapimwe uzito kila miezi mitatu. Mzazi anayepewa vidonge vya miezi mingi bila mtoto kupandishwa kwenye mizani ana haki ya kuuliza kulikoni.

Je, dawa hizo humfanya mtoto awe mraibu? Hofu hiyo ina msingi, kwani amfetamini hutumiwa vibaya na watu wazima, na ndugu au rafiki anaweza kuiba vidonge vya mtoto. Vifungiwe kabatini. Lakini kwa mtoto mwenyewe anayemeza kipimo cha daktari, uchunguzi uliofuatilia watoto hadi utu uzima, ukiwamo uliochapishwa Marekani mwaka 2023, haukuona kuwa waliotumia dawa waliingia zaidi katika mihadarati kuliko wasiotumia.

Utafiti uliobadilisha mjadala, mara mbili

Hakuna utafiti unaonukuliwa zaidi katika suala hili kuliko ule unaojulikana kwa kifupi kama MTA, uliogharimiwa na serikali ya Marekani na kuchapishwa mwaka 1999. Watoto 579 wa Marekani na Canada, wenye umri kati ya miaka saba na 10, waligawanywa kwa kura katika makundi manne kwa muda wa miezi 14.

Kundi la kwanza lilipewa dawa kwa uangalizi wa karibu: kipimo kilitafutwa kwa wiki nne, kisha daktari akawaona kila mwezi. La pili halikupewa dawa, bali mafunzo mazito ya tabia: wazazi walihudhuria vipindi 35, watoto wakaenda kambi ya wiki nane wakati wa likizo, na msaidizi akawekwa darasani kwa miezi mitatu. La tatu lilipata vyote. La nne liliachwa litafute tiba ya kawaida mitaani, na watoto wapatao wawili kati ya watatu katika kundi hilo nao waliandikiwa dawa.

Matokeo yalionekana kumaliza ubishi. Katika kupunguza dalili zenyewe, makundi mawili yaliyopata dawa kwa uangalizi yalishinda, na kuongeza mafunzo hakukuleta tofauti kubwa. Kampuni za dawa zilifurahi, na magazeti yakaandika kwamba kidonge kimeshinda.

Hata hivyo, ndani ya takwimu hizo kulikuwa na mambo mawili ambayo hayakupata nafasi katika vichwa vya habari. Kundi lililopata vyote viwili lilimaliza likitumia kipimo kidogo cha dawa kuliko lile la dawa pekee, na wazazi wake waliridhika zaidi. Aidha, watoto walioandikiwa dawa mitaani hawakupata nafuu sawa na wale wa uangalizi, ingawa dawa ilikuwa ile ile. Walipewa kipimo kidogo, mara chache kwa siku, na daktari aliwaona kwa dakika chache mara moja au mbili kwa mwaka. Kwa maneno mengine, tofauti ilikuwa katika ufuatiliaji, na hilo pengine ndilo funzo muhimu kuliko yote kwa nchi ambazo mgonjwa husafiri siku nzima kumfikia daktari.

Mwaka 2007 watafiti hao hao walitoa matokeo ya miaka mitatu, na mjadala ukageuka. Makundi yote manne yalikuwa yamelingana. Watoto wengi walikuwa na nafuu kuliko siku ya kwanza, lakini ile faida ya dawa iliyoonekana mwanzoni haikuwapo tena. Zaidi ya hayo, watoto waliotumia dawa mfululizo walikuwa wafupi kwa takriban sentimita mbili kuliko wasiotumia, na wepesi kwa karibu kilo mbili na nusu hadi tatu.

Inafaa matokeo hayo yasomwe kwa tahadhari. Baada ya miezi 14 kila familia ilikuwa huru kuchagua, kwa hiyo waliokuwa na dawa wengine waliacha na waliokosa wengine walianza. Haiwezekani kusema kwa uhakika kwamba dawa iliacha kufanya kazi. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mwaka mmoja wa tiba nzuri, ya aina yoyote, haukumkinga mtoto kwa miaka iliyofuata.

Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliojumuisha majaribio 133, uliipa methilifenideti nafasi ya kwanza kwa watoto, lakini ulihusu zaidi wiki 12 za mwanzo. Wachambuzi wengine, wakiwamo wa mtandao wa Cochrane mwaka 2015, walisema majaribio mengi yalikuwa na kasoro na kwamba ukubwa wa faida haujulikani kwa uhakika.

Mafunzo ya wazazi si kesi dhidi ya mama

Kwa watoto walio chini ya umri wa kuanza darasa la kwanza, miongozo mikuu haibishani. NICE katika mwongozo wake wa mwaka 2018 na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani katika ule wa mwaka 2019 vyote vinasema kwamba hatua ya kwanza ni mafunzo ya wazazi. Sababu inapatikana katika utafiti wa mwaka 2006 uliowahusu watoto 303 wa miaka mitatu hadi mitano na nusu: dawa iliwasaidia kwa kiasi kidogo kuliko wakubwa, na iliwasumbua zaidi.

Jina hilo, mafunzo ya wazazi, huwakera wengi, hasa akina mama ambao tayari wamechoka kusikia kwa mawifi na majirani kuwa wamemdekeza mtoto. Lakini mafunzo hayo hayatolewi kwa sababu mzazi amekosea. Hutolewa kwa sababu malezi yanayotosha kwa watoto wengine hayatoshi kwa huyu, kama vile mtoto mwenye kisukari anavyohitaji mapishi tofauti katika nyumba ile ile.

Yanayofundishwa si mambo ya ajabu. Agizo moja kwa wakati mmoja, likitolewa kwa karibu, mzazi akimtazama mtoto machoni: si kupaza sauti kutoka jikoni, "Vaa viatu, chukua mkoba, zima taa, mwite na ndugu yako!" Mtoto mwenye ADHD atasikia viatu, atakumbuka mpira, na yaliyosalia hayapo tena. Sifa itolewe papo hapo, kwa jambo mahususi: "Umekaa mezani mpaka umemaliza, hongera." Zawadi iwe ndogo na ya leo, maana ahadi ya baiskeli mwisho wa mwaka kwake ni sawa na hakuna ahadi. Utundu mdogo upuuzwe. Kosa la kweli liwe na adhabu fupi, inayojulikana mapema, isiyobadilika kwa kuwa leo mzazi amechoka.

Hapo ndipo kiboko kinapoingia katika mazungumzo. Kenya ilikipiga marufuku shuleni mwaka 2001 na Uganda mwaka 2016, ilhali kanuni za Tanzania Bara za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne kwa idhini ya mwalimu mkuu. Mtoto mwenye ADHD ndiye anayechapwa kuliko wote darasani, na ndiye asiyebadilika. Ukimwuliza kanuni anaijua. Kinachomshinda ni kuikumbuka katika ile nukta ya sekunde kabla mkono haujanyanyuka, na hapo kiboko cha jana hakimsaidii. Kinachobaki ni chuki ya shule.

Mafunzo haya nayo yana mipaka yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba pale tathmini inapofanywa na mtu asiyejua ni familia ipi iliyofundishwa, kupungua kwa dalili zenyewe huonekana kuwa kudogo. Kinachoboreka kwa uhakika zaidi ni ugomvi, ukaidi na namna mzazi anavyojiamini. Kwa familia ambayo kila asubuhi huanza kwa kelele, hilo si jambo dogo.

Darasani, hatua zinazosaidia hazihitaji fedha nyingi: kumketisha mtoto mbele, mbali na dirisha; kumgawia kazi ndefu vipande vipande; kumtuma chaki au madaftari ili apate sababu halali ya kunyanyuka. Kadi ya kila siku, yenye malengo mawili au matatu na alama ya mwalimu, humwezesha mzazi kutoa sifa jioni ile ile. Katika darasa la wanafunzi 80 mwalimu ataona huu ni mzigo, na ana haki ya kuona hivyo. Ndiyo maana malengo yasizidi matatu.

Dawa nyingine, lishe na mengineyo

Mtoto asiyefaa kwa vichangamshi ana njia nyingine. Atomoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002, si kichangamshi na haina mvuto kwa waraibu, lakini huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake, na tangu mwaka 2005 imebeba onyo kuhusu mawazo ya kujidhuru kwa baadhi ya watoto. Guanfasini na klonidini, ambazo asili yake ni dawa za shinikizo la damu, husaidia hasa pale kutotulia kunapoambatana na kukosa usingizi. Hizi mbili hazipaswi kuachwa ghafla, kwani shinikizo la damu linaweza kuruka juu.

Sukari imelaumiwa sana, lakini majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu hayakuiona na hatia hiyo. Rangi za vyakula zina kesi yenye uzito zaidi: baada ya utafiti wa Southampton, Uingereza, wa mwaka 2007, Umoja wa Ulaya uliamuru kuanzia mwaka 2010 kwamba vyakula na vinywaji vyenye rangi sita maalumu viwekewe onyo. Mafuta ya samaki yana faida ndogo mno. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha hata mchezo wa kompyuta kwa watoto wa miaka minane hadi 12, ingawa hakuna aliyedai unaweza kuchukua nafasi ya tiba nyingine.

Familia nyingi za pwani na bara humpeleka mtoto kwanza kwa shehe, mchungaji au mganga, zikiamini ana jini au kijicho. Dua haigombani na daktari. Hasara huja pale miaka minne inapopita kwa kombe na makafara, na mtoto akafika darasa la tano hajui kusoma.

Nyumbani, ughaibuni na safarini

Methilifenideti haimo miongoni mwa dawa zinazopatikana katika zahanati za Afrika Mashariki. Aghalabu hutafutwa katika miji mikubwa, kwa cheti cha daktari bingwa. Mwaka 2019, na tena mwaka 2021, kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ilikataa maombi ya kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu, ikisema ushahidi wa faida na madhara yake haujatosheleza. Uamuzi huo ulipingwa na madaktari wengi wa watoto, waliosema kwamba unaziachia familia maskini nusu ya matibabu. Mwongozo wa WHO kwa wahudumu wasio mabingwa unawataka waanze na ushauri kwa wazazi na walimu, na kuiacha dawa kwa bingwa, kwa mtoto aliyezidi miaka sita ambaye hatua hizo hazikumsaidia.

Kwa wanaoishi ughaibuni, tatizo huwa jingine. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1973, katika kifungu chake maarufu cha 504, inailazimu shule ya umma kumrekebishia mtoto mazingira, kwa mfano kumwongezea muda wa mtihani, na mzazi anaweza kuomba kwa barua bila kulipa chochote. Wazazi wengi wahamiaji hawajui, au huogopa kwamba mtoto atatiwa alama. Upatikanaji wa dawa nao umeyumba: Marekani ilitangaza uhaba wa Adderall mwezi Oktoba 2022, na Uingereza ikatoa tahadhari ya uhaba wa dawa kadhaa za ADHD mwezi Septemba 2023.

Safari inahitaji maandalizi. Methilifenideti na amfetamini ziko chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na kila nchi ina masharti yake. Falme za Kiarabu huwataka wasafiri waombe kibali cha wizara ya afya kabla ya kuingia na dawa za aina hiyo, na nchi nyingine za Ghuba ni kali vile vile. Familia inayotoka London au Minneapolis kwenda Mombasa kupitia Dubai au Muscat yafaa iulize balozi mapema, ibebe barua ya daktari na iziache dawa katika kopo lake la asili. Vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ndani ya mkoba vinaweza kumfikisha mama kituo cha polisi.

Katika mwezi wa Ramadhani, kijana aliyeanza kufunga huweza kumeza kidonge cha muda mrefu wakati wa daku, lakini ratiba hiyo ipangwe na daktari wiki kadhaa kabla. Mtoto ambaye tayari amepungua uzito kwa sababu ya dawa si wa kuongezewa njaa.

Swali ambalo wazazi huliuliza mwisho, ingawa lingestahili kuulizwa siku ya kwanza, ni hadi lini. Baadhi ya watoto dalili hufifia wanapobalehe, wengine huzibeba hadi utu uzima. NICE inataka matibabu yatazamwe upya angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingine dawa husitishwa kwa majaribio. Kipindi kinachofaa si cha mitihani wala cha kuhama nyumba. Huchaguliwa wiki za kawaida za muhula, na mwalimu huombwa ajaze tena ile fomu aliyoijaza kabla matibabu hayajaanza, ikiwezekana bila kuambiwa ni wiki ipi mtoto alikuja shuleni akiwa hajameza kidonge.